Rusticus ni "wa shamba" kabla ya kuwa "mshamba"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu maelezo yaliyotoka kwenye ukurasa wa lugha, toleo la Jumamosi. Msomaji mmoja aliuliza maana ya neno rustica, ambalo alisema amelikuta kwenye kitabu cha ndege, katika jina la kitaalamu la mbayuwayu, Hirundo rustica. Akajibiwa kwa mstari mmoja: ni Kilatini, linatokana na rusticus, maana yake "mshamba, mtu asiyestaarabika". Basi, ukurasa ukahamia swali jingine.

Jibu hilo limenikaa rohoni. Nimefundisha Kilatini katika seminari ndogo huku kusini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa ni mkulima wa kahawa, mahindi na maharage wilayani Mbinga. Neno hilo linanihusu kwa pande zote mbili. Nisingependa vijana wanaousoma ukurasa huo wabaki na nusu ya maana, tena nusu iliyo mbaya.

Nianze na ndege mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeulizwa. Jina alipewa na Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758. Linnaeus alikuwa na mbayuwayu zaidi ya mmoja wa kuwatofautisha. Huyu anayejenga kiota chake cha tope ndani ya mazizi na maghala ya wakulima akamwita Hirundo rustica, mbayuwayu wa shamba. Mwenzake, mweupe kiunoni, anayebandika kiota kwenye kuta za nje za nyumba, akamwita Hirundo urbica, mbayuwayu wa mjini. Huyo wa pili baadaye wataalamu walimhamishia jenasi nyingine na sasa anaitwa Delichon urbicum, lakini mji wake haukumtoka. Baridi ikiingia Ulaya wote wawili huondoka na kuja Afrika, na huku kwetu wa shamba tunamwona akikatakata hewa juu ya mashamba kabla mvua hazijashika. Katika jina lake hakuna tusi hata chembe. Linnaeus alitaja anapoishi, akaishia hapo.

Sasa sarufi kidogo. Rusticus limetoka kwenye rus, yaani shamba, upande wa nje ya mji. Mrumi aliyekuwa huko alisema yuko ruri, neno moja bila kuongeza kitu mbele wala nyuma, kama Mzanzibari anavyosema "yuko shamba" na kila mtu akaelewa kwamba hayupo Mjini. Kivumishi chenyewe hubadilika kufuata jina linaloambatana nalo: rusticus, rustica, rusticum. Kwa msemaji wa Kiswahili hili si jambo geni, kwa sababu -a yetu ya uhusiano hufanya kazi hiyo hiyo kwa ngeli. Mus rusticus ni panya wa shamba, vita rustica ni maisha ya shamba, opus rusticum ni kazi ya shamba, na nomino ikiwa ya ngeli nyingine tutasema la shamba, cha shamba, za shamba. Hiyo ndiyo tafsiri ya kwanza, na mahali pengi inatosha. "Mshamba" katika Kiswahili cha leo ni neno lenye hukumu ndani yake. Anayelima tunamwita mkulima. Mshamba tunamwita yule tunayetaka kumcheka. Rusticus halikuwa na mgawanyo huo. Neno moja lilibeba mkulima, mwanakijiji na mtu wa kuchekwa, na msomaji alilazimika kutazama nani anasema, wapi, na kwa nini.

Wanafunzi wangu karibu wote walitoka vijijini. Walipofika kwenye neno hili mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani hata Warumi walikuwa na washamba?" Darasa likacheka. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani, na somo la siku hiyo liliacha kitabu likafuata swali lake.

Kwanza, sikatai kwamba lilitumika kama tusi. Mshairi Virgil alitunga shairi la mchungaji Corydon, anayempenda mtu asiyempenda, na kabla shairi halijaisha mchungaji anajiambia mwenyewe: rusticus es, Corydon, wewe ni mtu wa shamba tu, zawadi zako hazitakiwi. Catullus, mshairi mwingine, alipotaka kuyadharau maandishi ya mtu mmoja, alisema yamejaa rus, yaani yamejaa shamba. Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma, akimwandikia mwanawe juu ya mwenendo na mavazi, alimwonya asiwe mlegevu kama aliyedekezwa, wala asiwe na kitu kigumu na rusticum. Na Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 1, aliweka rusticitas kuwa kinyume cha urbanitas, na kwa urbanitas alikuwa na maana ya matamshi safi, utani wa kiungwana, ladha ya mtu aliyekaa na wasomi wa Roma. Hapo sawa, ushamba na umjini vimekaa kama tunavyovijua.

Lakini Warumi hao hao, kwenye daftari za serikali, walipanga heshima kinyume chake. Kila raia aliandikishwa katika tribus. Tusilisome kama "kabila" letu la damu na lugha. Lilikuwa fungu la uraia, la kuhesabiwa na kupiga kura. Tangu mwaka 241 KK mafungu hayo yalikuwa 35: 4 ya mjini, na 31 ya shamba, tribus rusticae. Pliny Mkubwa, mwandishi wa karne ya 1, anaandika kwamba yaliyosifiwa zaidi yalikuwa yale ya shamba, ya watu wenye ardhi, na kwamba kuhamishiwa katika fungu la mjini kulikuwa aibu, alama ya mtu mvivu. Pliny huyo huyo anakumbusha kwamba majina ya koo kubwa yalitoka bustanini: Fabius kwenye haragwe, Cicero kwenye dengu. Cato, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 2 KK, anasema wazee wao walipotaka kumsifu mtu mwema walimsifu hivi: mkulima mwema, mtunza shamba mwema. Mtu aliyesifiwa hivyo alihesabiwa kuwa amesifiwa kwa sifa ya juu kabisa.

Mahali ambapo pande hizi mbili za neno zilikutana uso kwa uso ni mahakamani, na hapa naomba uvumilivu wa wasomaji, kwa kuwa kesi yenyewe inastahili kujulikana.

Mwaka 80 KK kijana wa miaka 26, Marcus Tullius Cicero, alisimama kumtetea Sextus Roscius wa mji wa Ameria, katika Umbria, kaskazini ya Roma. Baba yake Roscius alikuwa ameuawa usiku jijini Roma akitoka kwenye karamu. Mzee yule alikuwa na mashamba 13, karibu yote yakigusa mto Tiber, yenye thamani ya sesterce milioni 6, sesterce ikiwa sarafu ya Roma. Zilikuwa nyakati mbaya. Dikteta Sulla alikuwa ametoka kutangaza orodha za maadui wa kuuawa na kunyang'anywa mali. Jina la marehemu likaingizwa kwenye orodha baada ya orodha kufungwa, na mashamba yote yakanunuliwa na Chrysogonus, mtumwa aliyeachwa huru na Sulla, kwa sesterce 2,000. Ndugu wawili wa ukoo huo huo wakapata gawio lao. Kilichobaki ni kumwondoa mrithi, basi akashtakiwa kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yake. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kushonewa ndani ya gunia ukiwa hai na kutupwa majini.

Mwendesha mashtaka, Erucius, hakuwa na shahidi wa tukio. Alikuwa na neno. Hoja yake ilikuwa kwamba huyu mwana ni mtu wa shamba, haji mjini, hahudhurii karamu, baba yake alimchukia ndiyo maana akamwacha huko mashambani. Na mtu wa namna hiyo, mkali, asiyezoea watu, anaweza kuua.

Cicero angeweza kukanusha kwamba mteja wake ni mshamba. Mawakili wengi wangefanya hivyo: wangemvalisha nguo nzuri, wangemfundisha kusema kwa lafudhi ya Roma. Yeye alikubali neno lote, kisha akaligeuza. Akauliza ni baba gani anayemchukia mwanawe halafu anamkabidhi mashamba yote ayasimamie. Akasema kwao Umbria, kwenye miji midogo, mwana anayependa shamba ndiye fahari ya wazazi. Akakumbusha kwamba zamani watu waliitwa kutoka kwenye jembe kwenda kuwa makonsuli, yaani viongozi wakuu wa Roma, na kwamba wajumbe walimkuta Atilius akipanda mbegu kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akafika kwenye sentensi ambayo niliwafanya wanafunzi wangu waikariri. Mjini, alisema, huzaliwa anasa. Katika anasa lazima utokee uroho. Katika uroho hulipuka ujasiri wa uovu. Na humo hutoka maovu yote. Vita autem haec rustica, quam tu agrestem vocas, parsimoniae, diligentiae, iustitiae magistra est. Yaani: lakini maisha haya ya shamba, ambayo wewe unayaita ya porini, ni mwalimu wa kubana matumizi, wa bidii na wa haki.

Watafsiri wengi huipita tofauti ya vivumishi viwili vilivyomo humo. Agrestis limetoka kwenye ager, yaani shamba au ardhi, lakini mara nyingi hutumika kwa kitu kinachojiotea bila mkono wa mtu: mmea wa mwituni, mnyama wa porini, mtu mkali asiyefundishika. Rusticus ni palipolimwa. Erucius alikuwa amemsukuma Roscius kutoka shambani hadi porini, na Cicero akamrudisha. Sisi tunaijua tofauti hii vizuri kuliko mwanafunzi wa London, kwa kuwa kwetu shamba na pori vimepakana, na kila mwaka mtu hupigana kuhakikisha la pili halili la kwanza. Roscius aliachiwa huru.

Nimeipenda kesi hii kwa miaka mingi, lakini nisiwadanganye wasomaji kwamba Warumi waliotukuza shamba walikuwa ndio wanaolilima. Cicero alikuwa na nyumba kadhaa za mashambani, na jembe lilishikwa na wengine. Warumi waliwagawa watumwa wa tajiri mafungu mawili, familia urbana wa nyumba ya mjini, na familia rustica wa shamba. Hawa wa pili walifanya kazi nzito, baadhi yao wakiwa na minyororo. Cato aliyemsifu mkulima mwema ndiye huyo huyo, katika kitabu hicho hicho, anayemshauri mwenye shamba auze ng'ombe waliozeeka, zana za chuma zilizochakaa, mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa. Varro, mwandishi mwingine wa kilimo, aliyapanga mambo ya shamba akiita watumwa "zana zenye kusema", kando ya ng'ombe na mikokoteni.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwa mshairi Horace. Katika kitabu chake cha pili cha tashtiti, kilichotoka karibu mwaka 30 KK, shairi la 6 linaanza kwa shukrani: hiki ndicho nilichokuwa nikiomba, kishamba kisicho kikubwa sana, bustani, chemchemi karibu na nyumba, na msitu kidogo juu yake. Humo ndimo imo hadithi ya panya wa shamba na panya wa mjini, rusticus mus na urbanus mus, na panya wa shamba ndiye anayemaliza akiwa na akili zake, amerudi kwenye tundu lake na dengu zake. Fungua shairi linalofuata, la 7. Mtumwa wake Davus anathubutu kumwambia ukweli, na Horace anamjibu kwa hasira: ondoka upesi, la sivyo nitakupeleka ukawe mtu wa 9 kwenye kazi za shamba langu la huko Sabina, nje ya Roma. Shamba ni lile lile. Kwa bwana ni jibu la sala, kwa mtumwa ni adhabu.

Kwa hiyo msomaji akikuta rusticus katika maandishi ya kusifu, naomba aulize pia ni nani aliyeamka alfajiri. Swali hilo linafaa hata leo, tunaposikia vijiji vikisifiwa kwa utulivu na hewa safi na mtu atakayerudi mjini jioni ile ile. Mimi sitaki shamba lisifiwe hivyo. Nataka lihesabiwe kuwa mahali penye kazi, ujuzi na haki, na Kilatini kina maandishi ya namna hiyo pia.

Columella, aliyezaliwa Gades, Hispania, aliandika vitabu 12 juu ya kilimo katika karne ya 1. Katika dibaji analalamika kwamba watu hutafuta mwalimu wa ufasaha, wa vipimo, wa muziki, na kwamba kuna hata shule za wapishi na za watengeneza nywele, ila kazi ya shamba peke yake, res rustica, haina wanafunzi wala walimu. Anasema kazi hiyo ni ndugu wa karibu wa hekima, na mtu hukabidhiwa bila kuulizwa anajua nini. Nilipoisoma dibaji hiyo nikiwa kijana niliwaza milima yetu ya Umatengo. Anayefika kwetu mara ya kwanza huona mteremko mkali uliojaa mashimo yaliyojipanga kama masega ya nyuki, akashangaa ni nini. Ni ngolo. Mvua zinapoelekea kwisha nyasi hufyekwa, hukauka, hulazwa kwa mistari inayokatana hadi ikafanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikia nyasi. Kinachobaki ni shimo lililozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi hufuata msimu mwingine, nyasi zinaoza chini kwa chini zikiwa mbolea, na mvua kubwa ikija maji hukaa kwenye mashimo badala ya kuteremka na udongo. Kwa desturi wanaume walifyeka na kuzilaza nyasi, wanawake wakachimba na kupanda. Hakuna aliyepewa cheti kwa ujuzi huo. Mama aliyenionyesha jinsi ya kukadiria upana wa mraba kwa jembe lake, mjini angeitwa mshamba kabla hajafungua kinywa.

Katika sheria neno hili halina sifa wala tusi, na hapo ndipo ninapolipenda zaidi. Wanasheria wa Roma waligawa haki za mtu juu ya ardhi ya jirani yake katika haki za viwanja vya mjini na haki za viwanja vya shamba, praedia rustica. Za shamba zilizo za kale zaidi ni nne: iter, haki ya kupita kwa miguu, actus, haki ya kupitisha mnyama au mkokoteni, via, haki ya njia kamili, na aquae ductus, haki ya kupitisha maji. Gaius, mmoja wa wanasheria hao, anaeleza kwamba sheria za Mbao Kumi na Mbili, za karne ya 5 KK, ziliweka upana wa via kuwa futi 8 mahali paliponyooka na futi 16 penye kona, ili mkokoteni upate kugeuka. Ugomvi ninaousikia mara nyingi kwenye baraza letu la kijiji ni huo huo: njia iliyozibwa kwa mibuni mipya, mfereji uliogeuzwa usiku. Mtu aliyewaza kwamba penye kona njia iongezwe mara mbili alikuwa ameliona gari la ng'ombe likikwama.

Na Ulpian, mwanasheria wa karne ya 3, akaongeza jambo la kufikirisha: kiwanja cha mjini hakifanywi na mahali kilipo, hufanywa na kilichopo juu yake. Nyumba ni urbanum hata ikiwa kijijini. Kwa mantiki hiyo bustani za mchicha za bonde la Msimbazi, katikati ya Dar es Salaam, zingehesabiwa upande wa shamba, na nyumba yangu ya matofali hapa Mbinga upande wa mjini. Mpaka kati ya mjini na shamba kumbe haukuwa ukuta wa kutenganisha watu bora na watu duni.

Kuna matumizi mengine ambayo mimi, kama mtu wa seminari, siwezi kuyaacha. Kadiri karne zilivyopita, Kilatini cha vitabuni na Kilatini cha mdomoni viliachana. Gregory, askofu wa Tours, mji ulio katika Ufaransa ya leo, katika karne ya 6, aliandika kwamba alisikia watu wake wakisema: msemaji anayefanya falsafa hueleweka kwa wachache, loquentem rusticum multi, anayesema kwa lugha ya shamba hueleweka kwa wengi. Akajipa moyo kwa maneno hayo, akaandika historia yake. Mwaka 813, enzi ya kaizari Karoli Mkuu, maaskofu walikutana katika mji huo huo wa Tours wakaagiza kwamba kila askofu ahakikishe mahubiri yanafasiriwa katika rustica Romana lingua, lugha ya Kirumi ya shamba, au katika Kijerumani, ili wote wapate kuelewa kwa urahisi yanayosemwa. Wakati huo "ya shamba" haikumaanisha tena wakulima peke yao. Ilimaanisha kila mtu asiyesoma Kilatini cha vitabuni, hata akiwa mfanyabiashara sokoni.

Lugha hiyo ya shamba ndiyo iliyokua ikawa Kifaransa. Maandishi yake ya mapema yanayojulikana sana ni viapo vya Strasbourg vya mwaka 842. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura wanaoandika Kifaransa ofisini na kusema Kiswahili nyumbani wanaandika lugha ambayo maaskofu wale waliiita rustica. Nami nilipokuwa mtoto Misa ilisomwa kwa Kilatini, na bibi yangu aliitikia maneno asiyoyajua kwa uaminifu mkubwa. Padre alipogeuka kuhubiri alitumia Kiswahili, na hapo ndipo bibi alipoinua uso. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Misa yenyewe nayo ikaja kwa Kiswahili. Siwezi kukubali kwamba neno lililotumika kuwafungulia watu wote mlango wa kuelewa litafsiriwe "asiyestaarabika" na tusonge mbele.

Ningeongeza habari za Junius Rusticus, mwalimu wa kaizari Marcus Aurelius, aliyekuwa mkuu wa jiji la Roma na ndiye aliyemhukumu Mtakatifu Justino shahidi. Mtu mwenye jina la Shamba alilisimamia Jiji, na haionekani kwamba jina lilimtia haya. Lakini barua imekuwa ndefu.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni mawili. La kwanza, msomaji yule wa ndege arudishiwe jibu lake: rusticus, kivumishi, "wa shamba, wa kijijini", na baada ya hapo ndipo ziandikwe maana za pembeni, yaani "isiyo na madoido, ya kawaida" kwa lugha na mwenendo, na "isiyo na adabu za mjini" pale mwandishi anapotaka kukejeli. Kwa mpangilio huo huo, kwa sababu ndivyo maana zilivyozaana. Likitokea lenzake ruralis, alielewe kuwa ni ndugu wa rus lililoenea baadaye. Ndilo lililozaa neno la Kiingereza rural, na limo hata katika jina la wakala wetu wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, likiwa limeandamana na ndugu wa urbs, mji.

La pili linahusu gazeti lenyewe. Mara kadhaa nimeona kwenye vichwa vya habari vya michezo na katika katuni timu au mtu akiitwa mshamba kwa sababu tu ametoka mkoani. Wanaosoma gazeti lako huku hulipata likiwa limechelewa, kwa basi, na hulilipia bei ile ile. Watoto wao hulisoma kwa sauti sebuleni ili wazee wasikie. Naomba neno hilo lisitumike hivyo tena.

Mhariri wa ukurasa wa lugha akitaka kuhakikisha niliyoyaandika, vifungu vyote ninavyo kwa Kilatini. Nitavinakili kwa mkono pamoja na tafsiri yake na kuvituma kwa basi la Songea, aniambie tu avipokelee wapi.

Wako katika ujenzi wa lugha,
Mwalimu mstaafu,
Mbinga, Ruvuma